Akiba Haiozi: Historia Fupi ya Ghala la Nyumbani katika Nyanda za Kati

Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki msomaji ataona habari za mapokezi ya mazao, za mikutano mikuu, na za viongozi waliotutangulia. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za ghala moja ambalo halimo katika vitabu vya hesabu vya Chama. Hilo ni ghala la nyumbani, yaani kile kihenge, kilindo, pipa au gunia ambalo mwanachama huliweka chini ya paa lake kwa ajili ya siku ya shida. Hakuna mkaguzi alikaguaye, wala halisomwi katika taarifa ya mwaka. Hata hivyo, tukiitazama historia ya nchi hii ya kati kwa miaka mia moja na zaidi, twaona kwamba mara nyingi ghala hilo dogo ndilo lililoamua nani atavuka miezi ya njaa na nani hatavuka.

Wazee walinena kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa maana yake. Lakini kila mkulima ajua kwamba nafaka huoza, hubunguliwa, huuzwa kwa bei ya kutupa, na wakati mwingine hunyang'anywa. Basi historia tunayoisimulia ni ya namna watu wenye mapato madogo walivyojitahidi kulifanya neno la wazee liwe kweli, na ya mambo yaliyowashinda. Tumeona yafaa isimuliwe katika mwaka huu wa furaha, kwa sababu ndani yake limo deni ambalo Chama chetu bado hakijalilipa.

Akiba ya wazee wetu

Nchi yetu hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hata Aprili. Dodoma na jirani zake hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena si kila mwaka. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele hunyauka, na mwaka mzima umekwisha haribika. Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakutegemea akiba ya namna moja.

Kwanza palikuwa na nafaka. Walilima mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame kuliko mahindi, nao waliyahifadhi katika vihenge vya fito vilivyokandikwa udongo na samadi ya ng'ombe. Uwele na ulezi vilikuwa na sifa ya ziada, kwamba punje zake ni ndogo mno hata wadudu wa ghalani hawazishambulii sana. Majivu yalichanganywa na nafaka ili kuwafukuza wadudu, na mbegu za msimu ujao zilitundikwa juu ya meko zipate moshi.

Pili palikuwa na mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa benki ya mkulima. Mwaka wa shida walibadilishwa kwa nafaka kwa watu waliopata mvua. Na mwenye busara hakuwaweka wanyama wake wote zizini kwake, bali aliwakabidhi wengine kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalie.

Tatu palikuwa na mboga. Akina mama walianika mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua, vitu ambavyo havikugharimu chochote ila kazi ya kuchuma, nao walivihifadhi kwa miezi ya kiangazi. Nne, na juu ya yote, palikuwa na udugu. Kwa maana mwenye kihenge kilichojaa hakuweza kufunga mlango wake mbele ya ndugu yake mwenye njaa.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba zamani hizo zilikuwa zama za shibe tupu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo. Watemi walitoza hongo, na watu waliuza nafaka na maji, wakapata nguo, shanga na majembe. Lakini nafaka iliyouzwa kwa msafara haikurudi mvua zilipokosa. Huo ndio mwanzo wa swali ambalo lingali nasi mpaka leo: mkulima auze kiasi gani, na abakize kiasi gani?

Kisha ikaja sotoka. Ugonjwa huo uliingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukaangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na katika miaka hiyohiyo nzige walikula mashamba. Familia nyingi zilipoteza nguzo mbili kwa mara moja, ile ya zizini na ile ya shambani.

Vita na Mtunya

Adui aliyefuata hakuwa mdudu wala ukame, bali mwanadamu. Katika Vita vya Majimaji, kusini mwa nchi, kati ya 1905 na 1907, majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vijiji, mashamba na maghala ya chakula ili njaa iwashinde wale ambao risasi haikuwashinda. Waliokufa kwa njaa iliyofuata walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani. Hapo ilidhihirika kwamba adui akitaka kuwashinda watu wa nchi, huanza na kihenge.

Nyanda za kati zilipata zamu yao katika Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe na nafaka za wananchi. Na baada ya Dodoma kutwaliwa na majeshi ya upande wa Waingereza mwezi Julai 1916, majeshi hayo mapya nayo yalihitaji chakula, na yalihitaji wapagazi. Vijana wenye nguvu za kulima walichukuliwa kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Hivyo vihenge vilikuwa vitupu na mazizi yamepungua kabla mvua hazijakosa. Mvua zilipokosa, pakawa hapana cha kushika. Njaa hiyo, iliyodumu kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 iliwakuta watu waliokwisha dhoofika. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika Ugogo walikufa watu wapatao 30,000, yaani kama mtu mmoja katika kila watano.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hili. Ukame ulikuwako kabla ya Mtunya, na umekuwako baada yake. Kilichoufanya ukame ule uwe mauti ni kwamba uliwakuta watu ambao akiba yao ilikuwa imekwisha kuondolewa mikononi mwao.

Amri ya mihogo

Serikali ya Waingereza ilipoimarika, ilitoa amri kwa kupitia machifu na watawala wa wenyeji kwamba kila mwenye nyumba alime zao la kukinga njaa, hasa mihogo au viazi vitamu, na pale panapofaa, mtama. Asiyetii alitozwa faini. Ilipofika miaka ya 1930 nzige walivamia tena, na amri zikakazwa zaidi.

Mihogo yenyewe ilikuwa zao lenye manufaa makubwa kwa mtu asiye na fedha. Mbegu yake ni kipande cha mti ambacho jirani hukitoa bure, na mizizi yake huweza kukaa ardhini miezi mingi bila kuvunwa, hata tukasema kwamba udongo wenyewe ndio ghala lake. Nzige wakila majani, mizizi husalia. Ikivunwa, humenywa, hukaushwa na kuwa makopa. Lakini mihogo michungu ina sumu, nayo yataka kulowekwa na kukaushwa kwa muda wa kutosha. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime, watu wengi walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, kwa sababu ukame uliwalazimisha kula mihogo michungu ambayo haikutayarishwa ipasavyo. Kumbe hata chakula cha akiba kinataka subira. Na anayeanza kukitayarisha baada ya njaa kubisha hodi, huenda asiipate subira hiyo.

Wakulima wengi waliichukia amri ya mihogo. Hawakuuchukia muhogo, waliichukia faini. Mtu apandaye kwa kuogopa faini hupanda shamba la kumwonyesha bwana shamba, akaliacha magugu yalimeze afisa akiisha kuondoka. Hilo ni fundisho kwa viongozi wa ushirika pia: akiba ya nyumbani haiwezi kujengwa kwa amri.

Ushirika ulipozaliwa

Wakati huohuo ushirika ulikuwa ukizaliwa katika nchi hii. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikapitishwa mwaka 1932, na Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima hao, KNCU, kikaanza mwaka 1933. Katika Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba waliungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikuu vikashikamana katika Shirikisho la Viktoria. Vyama hivyo vilimtoa mkulima katika mikono ya walanguzi waliomnyonya kwa mizani ya uongo, nasi twajivunia kuwa wazao wa kazi ile.

Lakini yafaa tuseme waziwazi kwamba ushirika huo ulizaliwa kwa ajili ya kuuza. Kahawa na pamba haziliwi. Habari za chakula ziliachwa nyumbani, kwa akina mama, na viongozi waliona fahari kutangaza tani zilizopelekwa sokoni. Desturi hiyo tumeirithi. Kwa mkulima wa kahawa haikuwa hatari sana, maana zao alilouza halikuwa lile alilokula. Kwetu sisi, ambao gunia la mahindi laweza kwenda mnadani au kubaki jikoni, desturi hiyo ina hatari yake.

Baada ya Uhuru

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katika mwaka wa njaa. Serikali changa ililazimika kugawa mahindi yaliyoletwa kutoka Marekani kwa watu wa mikoa iliyopigwa na ukame, na baadaye na mafuriko. Waliokula mahindi yale waliyashukuru. Lakini taifa liliona kwamba uhuru wa bendera bila chakula ni uhuru wenye mashaka.

Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa, na kuanzia 1973 operesheni ya vijiji ikaenea nchi nzima. Katika miaka hiyo Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, ndilo lililokuwa mnunuzi wa nafaka. Kisha ukaja ukame wa 1973 hadi 1975. Serikali ilitumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka ng'ambo wakati uleule ambapo bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imepanda duniani. Ndipo ulipotolewa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, na kila kaya ikahimizwa kulima mazao yanayostahimili ukame. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha.

Katika miaka hiyo wananchi wengi walizoea kufikiri kwamba ghala la njaa ni la Serikali. Hatukatai kwamba taifa lazima liwe na ghala. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulioanzishwa mwaka 2008 uliundwa kwa kazi hiyohiyo. Lakini kati ya ghala la taifa na chungu cha mwananchi kuna barua, kuna tathmini, kuna lori, na kuna barabara iliyokatika kwa mvua. Kati ya kihenge na chungu kuna hatua kumi tu. Ghala la taifa huokoa mkoa. Ghala la nyumbani huokoa zile wiki za kwanza kabla mkoa haujaokolewa.

Maadui wawili wapya

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alionekana katika Mkoa wa Tabora mdudu ambaye wazee hawakumjua. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wataalamu walimwita dumuzi. Wakulima, walipoona anavyoyabungua mahindi na kuacha unga mtupu, walimpa jina la Scania, kama yale malori makubwa. Dumuzi hula mahindi, hula makopa, na hutoboa hata miti ya kihenge. Uchunguzi uliofanywa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba katika maghala mengine ya wakulima zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa mahindi ilipotea kwa miezi michache tu. Mazoea ya kuhifadhi mahindi katika magunzi yake, yaliyowafaa wazee dhidi ya fukusi, yakawa ndiyo karamu ya dumuzi. Ikabidi tujifunze upya: kupukuchua mapema, kupepeta, kukausha, kuchanganya na dawa iliyoidhinishwa kwa kipimo chake, na kuchoma masalio ya ghala la zamani.

Adui wa pili haonekani kwa macho. Ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota katika mahindi na karanga, hasa mimea ikiteswa na ukame shambani, au mavuno yakianikwa juu ya udongo na kuhifadhiwa kabla ya kukauka. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, ambayo wengi wao waliyalima na kuyahifadhi kwa mikono yao wenyewe. Jambo hilo lilitokea miongoni mwetu. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya kuokoa maisha iliyaondoa maisha, kwa sababu kuweka ni nusu tu ya kazi, na kutunza ni nusu ya pili.

Kosa letu la miaka 10

Sasa twafika kwenye habari zetu wenyewe. Kwa miaka hii 10 tumejipima kwa mazao tuliyopokea. Mwaka wa mapokezi makubwa tuliuita mwaka mwema. Lakini zaidi ya mara moja tumeona bei ikipanda wakati wa mavuno, malori yakafika mpaka mashambani, na wanachama wakauza ufuta, alizeti, na kisha mahindi na mtama wa kula. Ilipofika Februari, wanachama walewale walikuja mjini na sado mkononi, wakanunua mahindi kwa bei iliyozidi sana ile waliyouzia. Fedha ya mavuno ilikuwa imekwisha. Katika taarifa ya mwaka biashara ile ilionekana kuwa faida. Nyumbani kwa mwanachama ilikuwa hasara.

Hatusemi kwamba mwanachama aliuza kwa ujinga. Mwezi wa Juni deni la pembejeo lamngoja, sare na madaftari ya watoto vyamngoja, pengine mgonjwa yuko hospitali. Mtu mwenye mahitaji hayo hauzi kwa sababu bei ni nzuri. Huuza kwa sababu hana kingine cha kuuza. Basi tumwambiapo, "Ndugu, weka akiba," bila kumwonyesha namna ya kuanza na kidogo, maneno yetu ni sawa na ile amri ya mihogo, ila tu hayana faini.

Kuanza na kidogo

Tufanye hesabu. Kaya ya watu sita inayokula debe moja la mahindi kwa wiki, yaani kama kilo 18, itahitaji madebe 22 kwa miezi mitano kuanzia Desemba hata Aprili. Madebe sita hujaza gunia moja la kilo mia na ushei. Kwa hiyo kaya hiyo yahitaji magunia manne hivi ili ivuke miezi ya njaa bila kukopa. Mwanachama mwenye mavuno ya kutosha na aanze hapo, ayatenge magunia hayo manne kwanza, kisha auze yanayobaki. Kutenga kwanza na kuuza baadaye ni jambo moja. Kuuza kwanza na kutenga kinachobaki ni jambo jingine, maana aghalabu hakibaki kitu.

Asiyeweza kutenga magunia manne, atenge moja. Asiyeweza moja, afanye kama mama wengi wafanyavyo kimya kimya: kabla ya mahindi kwenda mashineni, aondoe kikombe kimoja cha robo kilo kila siku, akiweke kando. Toka Mei hata Novemba ni kama siku 210. Kikombe hicho kitakuwa zaidi ya kilo 50, yaani nusu gunia, chakula cha karibu wiki tatu kwa kaya ile ya watu sita. Haba na haba hujaza kibaba. Hesabu yaonyesha kwamba hujaza na zaidi. Na aondoe nafaka, si unga, kwa kuwa unga hauna maisha marefu.

Vyombo navyo vyaweza kupatikana kwa gharama ndogo. Mifuko ya tabaka tatu, ambayo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Kamerun kwa ajili ya kunde, huua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa yoyote. Bei yake huzidi ile ya gunia la kawaida, lakini hutumika tena msimu ujao iwapo haikutoboka. Kila tabaka lifungwe peke yake baada ya kukamua hewa. Asiye na mfuko aweza kutumia dumu la lita 20 la mafuta ya kula, lililooshwa na kukaushwa vizuri, likajazwa mpaka juu na kufungwa kwa nguvu. Lafaa hasa kwa kunde, choroko na mbegu. Dumu lililowahi kuwekwa dawa au kemikali lisitumiwe kabisa.

Lakini chombo chochote kisichopitisha hewa kitaharibu nafaka mbichi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo, na yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13. Mwanachama asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi cha theluthi moja na vijiko vichache vya chumvi kavu, aifunge, aitikise, kisha aiache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani. Punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi ziondolewe, wala zisipewe mifugo.

Baada ya nafaka, akiba ifuate mpango wa gharama. Chumvi ni rahisi na haiozi. Mlenda na majani ya kunde ni bure kwa mwenye kuchuma. Kisha viberiti na sabuni, kimoja kimoja kila siku ya mnada. Ndoo yenye mfuniko kwa maji safi. Na mbegu ya msimu ujao iwe na chombo chake na alama yake, ili siku ya njaa mkono usiikosee. Kwani alaye mbegu amekula miaka miwili. Kila mavuno mapya yakiingia, akiba ya zamani iliwe kwanza, mpya ichukue mahali pake.

Deni la Chama

Tumesema kwamba Chama kina deni. Deni hilo halitalipwa kwa hotuba. Twapendekeza kwa Mkutano Mkuu mambo matatu. La kwanza, vyama vya msingi vinunue mifuko ya kuhifadhia kwa jumla kabla ya mavuno, na mwanachama akatwe gharama yake kutoka katika malipo ya ufuta au alizeti, asitakiwe kutoa fedha taslimu wakati hana. La pili, kila ghala la chama cha msingi litenge pembe moja ambapo mwanachama aweza kuweka magunia yake ya chakula kwa jina lake, yasihesabiwe katika mazao ya kuuzwa; maana gunia lililo mbali na nyumbani huwa vigumu kuliuza kwa haraka au kuligawa kwa haya. La tatu, taarifa yetu ya mwaka iongezwe mstari mmoja, uonyeshe ni kaya ngapi za wanachama zilizofika mwezi wa Machi zikiwa na chakula chao wenyewe.

Huenda mstari huo ukatuaibisha miaka ya kwanza. Na utuaibishe. Chama kinachojua aibu yake chaweza kuirekebisha. Chama kinachojua tani zake tu hakitajua kamwe kwa nini wanachama wake wana njaa katika mwaka wa mapokezi makubwa.

Ndugu wanachama, wale waliovuka Mtunya hawakutuachia vitabu. Walituachia mbegu ya mtama na uwele, ujuzi wa kukandika kihenge, na neno moja kuhusu akiba. Sisi tuna mizani, maghala, sheria na umoja ambao wao hawakuwa nao. Tukikutana tena kuadhimisha mwaka wa 20, na tuulizane kwanza juu ya vihenge, kisha tusomeane habari za tani.

Ushirika udumu, na kila nyumba iwe na akiba yake.